Breki Zilipofeli, Nani Alipe? Mwongozo Kamili wa Madai ya Ajali Iliyotokana na Ubovu wa Gari Dar es Salaam

Ajali ikitokea Kimara, Buguruni au Mbagala, kauli mbili hufika kabla ya trafiki. Dereva anasema breki zimefeli. Waliokusanyika wanaitikia kwamba ajali haina kinga. Kuanzia hapo majeruhi anahesabiwa kuwa mtu wa bahati mbaya, anachangiwa nauli ya bajaji kwenda hospitali, na gari linavutwa na bredauni hadi kituoni. Baada ya muda lipo gereji, limefungwa breki mpya, na kile kilichovunjika kimeshauzwa kama chuma chakavu.

Mwongozo huu ni wa majeruhi huyo na ndugu zake, na pia wa mwenye gari anayetaka kujua amesimama wapi. Nauandika kwa sababu watu wengi jijini wanasamehe haki ambayo hawajui kama wanayo. Kisheria, kusema breki zilifeli hakumalizi shauri. Sehemu kubwa ya ubovu unaoleta ajali hukua taratibu: hozi ya breki inachanika kidogo kidogo, tairi linakuwa kipara kwa miezi, tairodi inalegea mpaka stelingi inacheza mikononi mwa dereva. Kwa hiyo kuna swali moja la kulishika tangu siku ya kwanza hadi mbele ya hakimu: nani alipaswa kuujua ubovu huu kabla ya ajali, na alifanya nini? Kila hatua ninayoieleza hapa ni ya kutafuta jibu la swali hilo.

Sheria utakazosikia zikitajwa ni chache. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza kutumia gari bovu barabarani, na haimgusi dereva peke yake. Inamgusa pia anayesababisha au kuruhusu gari hilo litumike. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inalazimisha gari liwe na bima ya kuwalinda watu wengine. Sheria nyingine, Sura ya 310, inawapa wategemezi wa marehemu haki ya kudai, na inairuhusu mahakama kugawa lawama pale majeruhi naye alipochangia. Juu ya hizo zipo kanuni za uzembe tulizorithi kutoka sheria ya Uingereza. Maamuzi ya mahakama za huko hayazifungi mahakama zetu, lakini yanasikilizwa. Namba za vifungu nimeziacha makusudi, maana Toleo la Urekebu la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limebadilisha nyingi kati ya hizo. Ukiandika barua yenye kifungu cha zamani, upande wa pili utaanza kwa kukusahihisha badala ya kukujibu.

Hatua ya kwanza: gari libaki kama lilivyo

Majeruhi atibiwe kwanza. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Fomu ya PF3 ya polisi ni muhimu sana kwa madai ya baadaye, lakini ndugu anaweza kuifuata kituoni wakati mgonjwa ameshapelekwa Amana, Mwananyamala, Temeke au Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili. Gawaneni kazi: mmoja aende na mgonjwa, mwingine abaki na gari.

Huyo anayebaki na gari ana kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Apige picha za namba ya gari, stika ya bima, maandishi ya ubavuni yanayotaja kampuni au njia, na tairi zote, siyo lililopasuka tu. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha lilipotengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Apige picha alama za tairi kwenye lami, au kutokuwepo kwake. Ainame atazame ndani ya ringi na chini ya gari. Je, kuna mafuta ya breki yaliyomwagika, au ukungu wa zamani wa mafuta yaliyochanganyika na vumbi? Mvujo wa siku ile huwa msafi. Mvujo wa wiki nyingi huacha utando mweusi mzito. Vivyo hivyo kwa chuma. Sehemu iliyokatika sasa hivi hung'aa, na yenye ufa wa siku nyingi huwa na kutu au weusi ndani ya mpasuko wenyewe. Picha ya mpasuko huo ipigwe mapema, kwa sababu katika hewa ya chumvi ya Dar es Salaam chuma kilichong'aa asubuhi hakitang'aa kesho yake.

Kisha maneno. Konda akisema kwa hasira kwamba bosi aliambiwa wiki nzima kuwa gari halishiki breki, hiyo ndiyo sentensi yenye thamani kuliko zote utakazozisikia siku hiyo. Andika alichosema na saa aliyosema, kisha chukua namba za simu za abiria wawili au watatu waliomsikia. Akishaonana na bosi wake, hatairudia.

Hatua ya pili: polisi na fomu zao

Chukua namba ya RB na jina la mpelelezi. Halafu fanya jambo ambalo watu wengi hawalifanyi: andika barua fupi kwa mkuu wa kituo, ukiomba gari lisikabidhiwe kwa mwenyewe kabla mkaguzi hajalikagua, na kifaa kilichovunjika kitunzwe kama kielelezo. Peleka nakala mbili, yako igongwe mhuri. Barua hiyo haikuhakikishii kuwa gari litabaki, lakini likiondoka bila ukaguzi itaonyesha kwamba siyo wewe uliyezembea.

Kampuni za bima huomba fomu za polisi PF 90, PF 93 na PF 115 pamoja na ramani ya tukio. Humo ndimo ilimo ripoti ya mkaguzi wa magari. Fuatilia fomu hizo kwa adabu na bila kuchoka. Fuatilia pia kesi ya trafiki yenyewe, maana hukumu ya jinai inayomtia dereva hatiani, muda wa rufaa ukishapita, ni ushahidi mzito katika kesi ya madai. Jua itasikilizwa lini, kisha omba nakala ya mwenendo na hukumu.

Hatua ya tatu: ukaguzi unaojibu swali

Hapa ndipo madai mengi yanapokufa. Ripoti ya mkaguzi inasema mfumo wa breki haufanyi kazi, na kila mtu anaridhika. Lakini gari lililogonga nguzo linaweza kuwa na breki mbovu kwa sababu ya nguzo. Ripoti yenye nguvu inajibu mambo matatu: kifaa gani kilikuwa kibovu, ubovu huo ulikuwepo kabla ya kugongana au ulitokana nako, na kama mtu mwenye uangalifu wa kawaida angeuona katika sevisi ya kawaida. Mkaguzi akiwa hajaandika hayo, mwombe aeleze kwenye maelezo yake ya ushahidi.

Kama madai ni makubwa, lipia mtaalamu wako. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kina wataalamu wa ukaguzi wa magari, na wapo wakadiriaji wa hasara waliosajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Mwenye gari au wakili wake apewe taarifa ya siku ya ukaguzi ili asije kulalamika kuwa mlikagua kwa siri.

Baadhi ya visingizio unaweza kuvipima mwenyewe kabla hujalipa mtu. Dereva wa lori kubwa akisema upepo wa breki ulikwisha, uliza vizuri. Kwenye malori mengi ya breki za upepo, upepo ukipungua sana springi hukaza breki zenyewe. Gari hukwama, halikimbii. Lori linalokimbia mteremkoni mara nyingi limechemsha breki kwa kukanyagwa mfululizo badala ya kushuka kwa gia nzito, au breki zake hazijarekebishwa muda mrefu, au limezidishiwa mzigo. Hayo yote yana mtu nyuma yake. Kwa magari madogo, mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, kiwango chake cha kuchemka kinashuka, na siku ya foleni na mteremko pedali inazama hadi chini. Yalibadilishwa lini? Jibu liko kwa mwenye gari.

Na wakati mwingine hakuna ubovu wowote. Ilikuwa mwendo kasi, na breki zimesingiziwa. Ukaguzi mzuri unalibaini hilo pia, na kwa majeruhi ni nafuu, kwa kuwa shauri linakuwa jepesi zaidi.

Hatua ya nne: mwenye gari ni nani hasa

Omba TRA taarifa za usajili kwa namba ya gari, au mwombe mpelelezi azichukue. Jina lililo kwenye kadi linachukuliwa kuwa la mmiliki mpaka ithibitishwe vinginevyo, na Dar es Salaam hapo pana balaa lake. Magari yanauzwa mara mbili na tatu kadi ikiwa na jina lilelile. Ukimshitaki aliye kwenye kadi, ataleta mkataba wa mauziano. Ukimwacha, huenda ukakuta mnunuzi hajulikani aliko. Mkiwa na shaka, waunganisheni wote wawili kwenye kesi, mahakama iwachambue.

Kwa daladala, basi au teksi, tazama pia leseni ya usafirishaji ya LATRA iko kwa jina la nani, na bima ilikatwa na nani. Stika ya bima inaweza kuhakikiwa kupitia mfumo wa TIRAMIS wa TIRA. Fanya hivyo mapema, maana stika feki zipo.

Hatua ya tano: lawama inamfuata nani

Tuanze na dereva, kwa kuwa ndiye wa kwanza kushikwa na mara nyingi ndiye mwenye uwezo mdogo wa kulipa. Anawajibika ikiwa alijua au angejua kwamba gari halifai, akaondoka nalo hivyo hivyo. Asubuhi stelingi inavuta kushoto, breki zinalia chuma kwa chuma, pedali inashika mwishoni kabisa: dereva aliyepuuza dalili hizo ana lawama zake. Deiwaka, yaani dereva wa kushikia kwa muda, aliyeshika gari saa mbili tu ana lawama ndogo zaidi kwa kutojua historia yake, ila lawama iliyopungua kwake inahamia kwa aliyemkabidhi.

Mwenye gari ndiye mtu wa katikati katika ajali za namna hii, na hapa watu wengi hukosea, hata baadhi ya mawakili. Wanamshitaki kwa makosa ya dereva tu. Naye anajibu kwamba dereva si mwajiriwa wake. Alimkabidhi gari kwa makubaliano ya hesabu ya siku, akitembeza kwa faida yake mwenyewe. Ubishi huo unaweza kuchukua miaka. Lakini ajali ikitokana na ubovu, mwenye gari ana wajibu wake mwenyewe, usiopitia kwa dereva: wajibu wa kutoliingiza barabarani gari lisilofaa. Nani alinunua tairi? Nani alichagua fundi? Nani aliambiwa breki zimeisha akasema subiri mwisho wa mwezi? Kama majibu yote yanarudi kwake, mpango wa hesabu haumsaidii. Hati ya madai iandike mambo mawili kwa kutenganisha: uzembe wa dereva anaoubebea lawama, na uzembe wake yeye wa kutolitunza gari.

Utetezi wake mkubwa utakuwa ubovu uliojificha, yaani ule ambao hata mwangalifu asingeuona. Utetezi huo upo kweli, na wakati mwingine ni wa haki. Lakini haukubaliki kwa kuutamka tu. Katika kesi ya Henderson dhidi ya Henry E. Jenkins, iliyoripotiwa 1970, lori lilifeli breki kwenye mteremko likaua mtu, kwa sababu bomba la mafuta ya breki lililiwa na kutu mahali pasipoonekana bila kulifungua. Wenye lori walionyesha kwamba walikuwa wakilikagua kwa macho kama kawaida. Nyumba ya Malodi, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, ikasema haitoshi: hawakueleza maisha ya lori hilo, lilibeba nini na lilipita wapi, ili ijulikane kama kutu ile ilikuwa ya kutarajiwa. Mfikirie mwenye kenta inayobeba samaki kutoka soko la Feri kila alfajiri, maji ya chumvi yakidondoka kwenye chesisi mwaka mzima. Huyo hawezi kusema kutu imemshtukiza.

Tairi kupasuka ni hivyo hivyo. Katika kesi ya Barkway ya 1950, basi lilipasuka tairi na kutoka barabarani. Kampuni ililaumiwa kwa kukosa utaratibu wa kuwataka madereva waripoti tairi linapopigwa sana, kwa sababu pigo la nje huweza kuchana nyuzi za ndani bila kuonekana. Kwa mashimo na matuta ya jiji hili, kila mwenye daladala anapaswa kuwa na utaratibu huo, hata kama ni daftari tu.

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inasema anayedai ndiye mwenye kuthibitisha. Inasema pia kwamba katika madai, jambo ambalo liko ndani ya ujuzi wa mtu mmoja hasa, mtu huyo ndiye wa kulithibitisha. Rekodi za matengenezo ni za namna hiyo. Zidai kwa barua kabla ya kesi, uzidai tena kesi ikifunguliwa. Mwenye gari asiye na karatasi hata moja ya sevisi ameshakusaidia nusu ya safari.

Fundi naye hayuko salama kwa kuwa hakuwepo kwenye ajali. Katika kesi ya Stennett dhidi ya Hancock na Peters ya 1939, gurudumu la lori lilikuwa limetoka kutengenezwa, kipande cha ringi kikachomoka na kumjeruhi mpita njia. Gereji ikawajibika kwa mtu ambaye haijawahi kufanya naye biashara, na mwenye lori akaachiwa kwa sababu alimpa kazi fundi mwenye uwezo na hakuwa na jinsi ya kujua. Sehemu ya mwisho ndiyo yenye uzito kwetu: mwenye gari anapona kwa fundi ikiwa fundi mwenyewe ni wa kuaminika. Aliyepeleka breki za basi gereji bubu chini ya mwembe, kwa kijana anayejifunza, bila risiti, ana kazi ngumu kuishawishi mahakama kwamba alikuwa mwangalifu. Sisemi mafundi wa Tandale au Gerezani hawana ujuzi. Wapo wenye mikono bora kuliko gereji zenye vioo. Nasema uthibitisho wa kazi yao haupo, na mahakamani ndio unaotakiwa.

Muuza spea anaingia pale kifaa kilipokuwa feki. Breki padi iliyouzwa kama halisi ikamomonyoka ndani ya wiki inampa aliyeinunua dai la mkataba chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Tume ya Ushindani, FCC, hushughulikia bidhaa bandia, na Shirika la Viwango, TBS, hushughulikia zisizokidhi viwango. Taabu ni ushahidi: duka la Kariakoo litakana, usipokuwa na risiti ya EFD yenye jina la kifaa, boksi lake, na kifaa chenyewe.

Yadi za magari, na yeyote anayeuza gari lililotumika kama biashara, wana wajibu pia. Katika kesi ya Andrews dhidi ya Hopkinson ya 1957, muuzaji alisifia gari kuukuu, na wiki moja baadaye stelingi ikakataa, mnunuzi akaumia. Muuzaji aliwajibika kwa maneno yake na kwa kutolikagua. Mnunuzi atunze tangazo na ujumbe wa simu ambamo gari lilisifiwa.

Mtengenezaji wa gari ni nadra kumfikia kutoka hapa, lakini usimsahau kabisa. Mifuko ya hewa ya Takata iliitwa kurudishwa duniani kote kwa sababu baadhi yake ililipuka na kurusha vipande vya chuma, na magari mengi ya Kijapani ya miaka hiyo yanatembea mitaani kwetu. Namba ya chesisi inaweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Kama gari ni la serikali, halmashauri au shirika la umma, utaratibu unabadilika. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na kesi ifunguliwe Mahakama Kuu. Tafuta wakili mapema.

Hatua ya sita: bima

Bima ndogo ndiyo ya lazima, na ni ya watu wengine: mpita njia, mwenye gari lililogongwa, abiria anayelipa nauli. Aliyepewa lifti kwenye gari binafsi asidhani moja kwa moja kwamba amo. Aombe kuona hati ya bima inasemaje. Dereva na konda walioumia kazini njia yao ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na taarifa ipelekwe kwa mwajiri haraka.

Andikia kampuni ya bima barua mara tu unapoijua. Weka namba ya gari, namba ya stika, tarehe, mahali, majeraha, na nakala za fomu za polisi. Kwa kawaida huwezi kuishitaki bima moja kwa moja mwanzoni. Unamshitaki mwenye gari, ukishinda bima inalipa. Ila sheria inataka bima iwe imepewa taarifa ya kesi. Ipe kabla hujafungua, kwa maandishi, nakala igongwe mhuri. Nimeona hukumu nzuri zikibaki karatasi kwa sababu ya barua hii moja.

Bima ikikujibu kwamba hailipi kwa kuwa gari lilikuwa bovu, usiondoke na jibu la mdomo. Omba likataliwe kwa maandishi na kifungu wanachokitegemea kitajwe, kisha peleka malalamiko TIRA au Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mwenye bima kubwa naye aelewe kwamba kwa kawaida bima hiyo hailipi kifaa kilichochakaa chenyewe. Hulipa hasara iliyofuata baada ya kugonga, na humtaka awe amelitunza gari.

Utaletewa hati ya kukubali malipo ya mwisho. Usiisaini kabla daktari hajaandika kama utabaki na ulemavu. Mguu uliofungwa vyuma unaweza kuhitaji kufunguliwa tena, na hati hiyo inafunga mlango. Mapatano ya kituoni, yale ya kumalizana kwa laki tatu mgonjwa akiwa bado wodini, yana hatari hiyo hiyo. Msaada wa matibabu upokelewe, lakini karatasi iandike kuwa ni msaada wa matibabu tu na madai mengine yanabaki.

Hatua ya saba: barua ya madai, kisha mahakama

Dai la uzembe linatakiwa kufunguliwa ndani ya miaka 3 kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Dai la mkataba, kama lile la mnunuzi dhidi ya muuza spea au gereji, lina miaka 6. Kwa kifo, ndugu wasingoje hata kidogo: kumteua msimamizi wa mirathi mahakamani kunachukua muda, na familia hubishana.

Anza na barua ya madai kwa wote unaowalaumu. Eleza ajali, taja ubovu kama ulivyo kwenye ripoti ya ukaguzi, omba rekodi za matengenezo, weka kiasi, toa muda wa kujibu. Wengi hulipa hapa, hasa wakiona ripoti ya mtaalamu imeambatanishwa.

Kiasi kina sehemu mbili. Hasara mahususi, yaani matibabu, dawa, nauli na kipato kilichopotea, lazima itajwe na kuthibitishwa shilingi kwa shilingi. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo katika kesi ya Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe ya 1992, na haijalegea. Fidia ya jumla, kwa maumivu na ulemavu, hukadiriwa na mahakama. Kwa hiyo risiti. Mama lishe au machinga asiye na hati ya mshahara asikate tamaa: miamala ya simu, daftari la mauzo, kitambulisho cha mjasiriamali, barua ya serikali ya mtaa na shahidi anayemuuzia bidhaa za jumla vinajenga picha ya kipato chake.

Tarajia pia kuulizwa ulichofanya wewe. Abiria aliyening'inia mlangoni, au asiyefunga mkanda uliokuwepo, anaweza kupunguziwa fidia kwa kiasi cha mchango wake. Kupunguziwa si kunyimwa.

Asiye na fedha za wakili aende Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu au Chama cha Wanasheria Tanganyika aulizie msaada wa kisheria, ambao una sheria yake tangu 2017.

Kama wewe ndiye mwenye gari

Usiliguse gari kabla halijakaguliwa, hata kama kila siku inayopita unakosa hesabu. Kifaa kilichovunjika kinaweza kuwa ndicho kinga yako: kikionyesha kasoro ya kiwandani au kazi mbaya ya fundi, mzigo unahamia kwao. Ijulishe bima siku hiyo hiyo, na usikubali lawama kwa maandishi kabla ya kuongea nayo.

Kusanya risiti za sevisi, picha za WhatsApp ulizotumiana na fundi, na miamala ya malipo. Kama huna, anza leo na gari linalofuata: daftari moja linaloandika tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, jina na simu ya fundi, na malalamiko ya dereva pamoja na ulichofanya baada ya kuambiwa. Ukiuza gari, badilisha jina kwenye kadi kabla ya kukabidhi funguo.

Dereva wako naye asiharakishwe kukiri kosa Kisutu ili alipe faini muishe. Faini ni ndogo, lakini kukiri huko kutasomwa tena kwenye kesi ya madai, na mtakaolipia ni nyinyi wawili. Kama kweli alikosea, akiri akiwa ameshauriwa na anajua kinachofuata. Kama tatizo lilikuwa hozi iliyofungwa vibaya siku mbili kabla, hilo lisemwe mbele ya hakimu, na fundi aitwe.